Ng'ombe Aliyeshikilia Viza ya Binti Yangu

Watu wa Karatu wananijua kwa mashine ya kusaga, kwa lori, na kwa nyumba ya kwanza ya matofali ya kuchoma kwenye barabara ya Ganako. Ni haki yao kunijua hivyo. Lakini kuna jambo jingine nililolifanya ambalo hakuna mtu wa Karatu, wala wa Mbulu, wala wa huko Arusha kwenye wasomi, aliyewahi kulifanya. Nilimsomesha binti yangu Ulaya miaka minne kwa nguvu ya ng'ombe mmoja. Sikumuuza. Kuuza ng'ombe hata mlevi anaweza. Mimi nilimweka ng'ombe huyo hai, na alipokufa nikaendelea kumweka hai.

Habari hii husimuliwa kwenye harusi na kwenye vilabu vya pombe, na kila anayeisimulia huongeza lake. Wapo wanaosema ng'ombe alipanda ndege. Hakupanda. Kilichopanda ndege ni sikio lake, nami nitafika huko. Ndiyo maana nimekaa kuiandika mwenyewe. Shule niliiacha darasa la nne, nikawa utingo wa lori la watu, kisha dereva wa lori la watu, kisha mwenye lori. Mkono wangu wa kuandika ni mzito, lakini kumbukumbu yangu haijaingia kutu.

Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya sukari na sabuni. Binti yangu wa kwanza alikuwa amemaliza kidato cha sita na kufaulu hesabu kuliko wavulana wote wa shule yao, jambo ambalo halikunishangaza, maana mimi mwenyewe napiga hesabu za magunia kwa kichwa. Kanisa letu likamtafutia nafasi kwenye chuo cha uhandisi wa maji, katika nchi moja ya baridi huko Ulaya. Kanisa la huko lingelipa kila kitu, mpaka koti. Mimi sikuombwa kutoa chochote, na sikufichi, iliniuma kidogo, kwa sababu mimi si mtu wa kubebwa. Nilitaka kuwe na kitu hata kimoja ambacho bila mimi kisingewezekana. Mungu akanisikia, akaleta viza.

Bila viza ya mwanafunzi binti asingepanda ndege, na nafasi yake ingepewa mwingine. Fomu ilitoka ubalozini Dar es Salaam kwa posta. Mwalimu wa shule ya msingi, jirani yangu, alinisomea pale mashineni, unga ukimwangukia kwenye miwani. Maswali mengi yalikuwa ya kitoto: amezaliwa lini, ana ugonjwa gani, amewahi kufungwa. Binti alijaza mwenyewe. Ila swali moja lilikuwa la mzazi. Walitaka kujua ni kitu gani mwombaji anacho hapa nchini kitakachomfanya arudi akishamaliza masomo.

Mwalimu akasema tuandike familia. Nikamwuliza familia inamrudisha nani. Mimi mwenyewe nilimtoroka baba yangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikarudi kumwona nikiwa na lori. Akasema basi tuandike mashine na nyumba. Nikamwambia mashine ni yangu na nyumba ni yangu, swali linauliza mwombaji ana nini. Mimi sidanganyi serikali ya mtu. Mashine ikinguruma, nikakumbuka. Binti alikuwa na ng'ombe.

Hapa inabidi nieleze, maana vijana wa siku hizi hawajui hata wana nini. Mama yangu mzazi alikuwa Mbarbaig, na kwa ukoo wake mtoto akiota jino la kwanza baba humpa mtamba. Si zawadi ya mdomoni. Ni ng'ombe wa mtoto huyo, na uzao wake ni wa mtoto huyo, hata baba hachinji wala hauzi bila kumwuliza. Binti yangu alipoota jino nilimpa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe pajani, tukamwita Jino. Na kwa kuwa mtu mwenye akili haweki ng'ombe wote zizi moja, ugonjwa ukija ukawafagia, yule mtamba nilimpeleka kwa rafiki yangu Mmaasai, juu kule Ngorongoro, ndani ya hifadhi, nilikokuwa nikipeleka unga. Yeye anywe maziwa, sisi tuhesabu uzao. Naye alinipa dume la kukokota jembe. Tangu siku ile hatukuitana tena kwa majina. Wamaasai waliopeana ng'ombe huitana Pakiteng', yaani mwenzangu wa ng'ombe. Mimi ni Pakiteng' kwake na yeye ni Pakiteng' kwangu, na nikimwita jina lake halisi atadhani nimekasirika.

Basi nikamwambia mwalimu aandike: mwombaji anaye ng'ombe jike mmoja, mwekundu, doa jeupe pajani, aitwaye Jino, anaishi Ngorongoro. Mwalimu akaweka kalamu chini akasema, "Mzee, watatucheka."

"Watu huacha baba, huacha mama, huacha mke na watoto," nikamwambia. "Nitajie mtu mmoja aliyeacha ng'ombe."

Akaiokota kalamu. Akaandika.

Binti alikwenda Dar kuhojiwa. Afisa wa viza, Mzungu mrefu mwenye masikio mekundu, hakumwuliza habari za hesabu wala za maji. Alimwuliza kama kweli ana ng'ombe. Binti akajibu kweli, ndiyo, ila amemwona mara mbili tu. Akaulizwa ng'ombe anafananaje, akaeleza, na lile doa akalitaja. Afisa akaandika muda mrefu. Baada ya wiki mbili viza ikatoka, ya mwaka mmoja, na barua juu yake. Kila mwaka, barua ilisema, kabla ya kuongezewa muda, mzazi alete ubalozini uthibitisho kwamba hali iliyoelezwa kwenye maombi haijabadilika.

Mwalimu alidhani wanataka barua ya mistari miwili. Nikamwambia ndiyo tofauti ya mwalimu na mfanyabiashara. Mtu akikwambia uthibitisho, hataki maneno, anataka kuona.

Karatu kulikuwa na mpiga picha mmoja, mwenye studio nyuma ya duka la vitambaa, na pazia lililochorwa ndege ya abiria ambayo mlango wake ulikuwa mkubwa kuliko mabawa. Nilimweleza kazi. Akaniuliza picha ni ya mambo gani, nikasema ya viza. Basi akawa mkali. Picha ya viza ina masharti, akasema, yeye hatachafua jina lake ubalozini: uso uangalie mbele, masikio yote mawili yaonekane, kichwa kisivae kitu, na nyuma kuwe kweupe. Nikaona nimepata mtu wa kazi. Tukachukua shuka jeupe la kitandani kwangu bila kumwuliza mama watoto, tukapakia kwenye lori, tukapita geti la hifadhi. Askari wa geti akaandika kwenye daftari lake kwamba ninaingiza magunia sita ya unga, kamera moja na shuka moja, sababu ya safari: kupiga ng'ombe picha.

Kule bomani Pakiteng' alinisikiliza mpaka mwisho, akichonga fimbo. Kwamba serikali ya Wazungu inataka kumwona ng'ombe ili mtoto asome, hilo halikumsumbua hata kidogo. Alichouliza ni kwa nini hawakuuliza mapema. Wake zake wawili walishika shuka nyuma ya Jino, upepo wa kule juu ukalijaza kama tanga, na Jino akageuka akaanza kulitafuna. Kila alipotazama mbele, sikio moja lilikwenda nyuma. Mpiga picha akasema hawezi, masikio mawili au arudi Karatu. Hatimaye Pakiteng' akatoa sauti fulani ya kooni, ile wanayoita nayo ndama, na masikio yote mawili yakasimama. Picha ikatoka safi. Mpaka leo sijaona picha ya pasipoti nzuri kuliko ile, na nimeona nyingi, pamoja na yangu.

Picha bila muhuri ni karatasi tu. Nikaenda kwa bwana mifugo wa Karatu. Akaitazama, akanitazama.

"Ndugu, ng'ombe huyu anakaa wapi?"

"Ngorongoro."

"Basi si mkazi wa wilaya yetu. Mpeleke Wasso."

Wilaya ya Ngorongoro ofisi zake ziko Wasso, na kufika Wasso ilikuwa kuvuka mbuga nzima juu ya lori la mtu, maana langu halikuwa na dizeli ya kufika mbali hivyo, kwa vumbi ambalo ukipiga chafya mwenzako hakuoni. Nilifika nikiwa na rangi ya barabara. Bwana mifugo wa Wasso alikuwa mtu mpole, asiye na wageni wengi. Akaniuliza ng'ombe anasafiri kwenda wapi. Nikasema hasafiri, anabaki. Akaniuliza kama hasafiri cheti ni cha nini. Nikasema ni cha kubaki. Akafungua makabati yote mawili. Ofisi ilikuwa na fomu ya chanjo, fomu ya ngozi, na kibali cha kusafirisha mifugo. Fomu ya kubaki serikali ilikuwa haijaichapa.

Alifikiri, akachukua kibali cha kusafirisha. Pale penye Kutoka akaandika Ngorongoro. Pale penye Kwenda akaandika Ngorongoro. Idadi, mmoja. Sababu ya safari, masomo. Akabandika picha na kugonga muhuri, na kwa kuwa sheria inataka muhuri uguse karatasi na picha pia, ulimwangukia Jino puani.

Tulituma Dar. Viza ikaongezwa mwaka, bila swali. Mwaka wa pili tukafanya vilevile, shuka lilelile lenye alama ya meno, na viza ikaongezwa tena. Binti aliandika kwamba kule kuna theluji, kwamba amekuwa wa tatu darasani, na kwamba wenzake hawaamini akiwaambia. Hakusema hawaamini nini. Mimi nilielewa kwamba wanaona wivu.

Mwaka wa tatu mvua zilikuwa nyingi na magonjwa yakaja nazo. Nilipofika bomani na mpiga picha, Pakiteng' akanileta mbele ya ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe pajani. Nikamtazama. Doa lilikuwa mahali pake, na sikio la kushoto lilikuwa na ule mkato ambao nyumba ile huwatia ng'ombe wake wote. Lakini Jino alikuwa bibi kizee, mwenye mgongo uliozama, na huyu alikuwa msichana.

Nikauliza, "Pakiteng', Jino yuko wapi?"

"Huyu hapa."

"Amekuwa kijana."

"Yule mkubwa alichukuliwa na ndigana wakati wa mvua," akasema. "Huyu alimzaa. Huyu ndiye Jino."

Msomaji wa mjini atasema hapo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Kwa wafugaji ng'ombe si kichwa kimoja, ni mlango wa nyumba. Mama akiondoka binti hushika jina, na mali ya mtoto wangu haijapungua hata unywele. Nilichofanya ni kumpa pole kwa kifo na hongera kwa Jino, tukatandaza shuka. Bwana mifugo wa Wasso nilimweleza wazi yote, kwamba Jino amekufa na picha yake ndiyo hii. Akasema ni kweli anaonekana ana afya, akagonga muhuri. Tulikuwa watu wazima watatu, mmoja mwenye cheti cha serikali, na hakuna aliyeona kwamba kuna la kueleza.

Mwezi mmoja baadaye ikaja simu ya maandishi kutoka kwa binti, kupitia posta ya Karatu: VIZA IMEZUIWA. NINA SIKU THELATHINI. BABA ELEZA NG'OMBE. Siku iliyofuata ikaja barua ya ubalozi. Mwalimu aliisoma mara mbili, ya pili polepole. Afisa alikuwa amezipanga picha zote tatu mezani. Ng'ombe wa mwaka wa kwanza na wa pili, aliandika, pembe yake ya kushoto imeinama chini. Ng'ombe wa mwaka huu pembe zake zote mbili zimesimama juu. Inaonekana ofisi imeletewa ng'ombe wa uongo. Mzazi aeleze, ama sivyo mwanafunzi arudishwe.

Sijawahi kuitwa mwongo kwa maandishi, kabla ya hapo wala baada. Lakini kilichonikosesha usingizi ni binti. Alibakiza mwaka mmoja na kidogo. Angerudishwa kama mwizi, bila cheti, na pale Karatu wapo watu, siwataji, ambao wangefurahi mpaka wachinje mbuzi. Mama yake aliacha kunisemesha. Alisema tu neno moja, kwamba familia ingetosha, tungeandika familia kama mwalimu alivyosema. Halafu akauliza shuka lake lilikuwa wapi miaka yote hiyo.

Mwalimu alitaka tuandike barua ya kuomba radhi. Nikakataa. Ukiomba radhi umekiri. Nilipanda Ngorongoro nikamwambia Pakiteng' kwamba Mzungu anasema Jino ni wa uongo. Akaingia ndani, akatoka na ngozi ya yule mkubwa, ambayo mkewe alikuwa akiilalia, akatoka tena na kipande cheusi kilichokauka, kigumu kama soli ya kiatu. Lilikuwa sikio la kushoto, lenye mkato. Alilihifadhi, akasema, kwa sababu ng'ombe wa mtu mwingine akifa lazima mwenyewe aonyeshwe sikio, na alikuwa akimngoja binti arudi.

"Twende kwa huyo mtu," akasema. "Nitamwonyesha."

Tulikwenda Dar es Salaam kwa basi, mimi nimevaa suti yangu ya kahawia na yeye shuka zake mbili, ngozi imeviringishwa magotini. Ile ngozi ilikuwa imelaliwa lakini haikuwa imelainishwa vizuri, na kadiri tulivyoteremka kwenye joto ikaanza kujieleza. Baada ya Korogwe tulikuwa na viti vinne sisi wawili. Getini pa ubalozi askari alichukua rungu la Pakiteng' akampa kipande cha karatasi chenye namba. Pakiteng' aliniuliza hiyo karatasi inapigana vipi.

Afisa ndiye yuleyule wa masikio mekundu. Alijua Kiswahili, kile cha kitabuni, chenye kila neno mahali pake. Alitukaribisha, akatoa jalada la binti yangu, nalo lilikuwa nene kama Biblia. Kabla sijafungua kinywa, na nilikuwa nimetayarisha hotuba tangu Segera, Pakiteng' alitandaza ngozi juu ya zulia, doa jeupe likaangalia dari, akaweka sikio mezani juu ya karatasi. Afisa alisogeza kiti nyuma. Halafu akakisogeza mbele, akatoa kioo cha kukuzia, akatazama mkato wa sikio, akatazama picha ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Nilimwona anaanza kupendezwa.

"Sikio hili ni la nani?" akauliza.

"La Jino," akasema Pakiteng'.

"Na ng'ombe katika picha hii ya tatu ni nani?"

"Jino."

"Kwa hiyo Jino amekufa."

"Hajafa."

Afisa akaweka kioo chini. Mkono wake ulikuwa umekaribia muhuri, na sikujua ni muhuri gani. Nikataka kuingilia. Pakiteng' akanigusa goti ninyamaze.

"Kwenu kuna mfalme?" akamwuliza afisa.

"Yupo."

"Baba yake alikuwa mfalme?"

"Alikuwa."

"Huyo baba alipokufa, mlifunga nchi?"

Feni ilikuwa ikizunguka juu yetu. Afisa alimtazama Pakiteng', akatazama ngozi, akatazama picha iliyokuwa ukutani nyuma ya kiti chake, ya mtu mwenye nishani nyingi.

"Hapana," akasema. "Hatukufunga."

Pakiteng' akaegemea kiti. Kwake maneno yalikuwa yamekwisha. Akaomba maji.

Afisa aliandika ukurasa mzima. Mimi sijui Kiingereza, lakini karani wake, dada mmoja wa Kitanga, alitusomea tulipokuwa tukingoja muhuri ukauke. Kwamba wenye ng'ombe wamefika wenyewe. Kwamba ng'ombe anayetajwa si mnyama mmoja bali ni urithi, na kwa desturi ya wenyeji ng'ombe huyo hana mwisho. Kwamba hali haijabadilika wala haitabadilika. Viza iongezwe, na mzazi asisumbuliwe tena kuleta picha. Hilo la mwisho sikulipenda, kwa sababu tulikuwa tumeshaizoea kazi.

Akaomba jambo moja, sikio libaki kwenye jalada kama ushahidi. Pakiteng' alisita, maana sikio ni la binti. Afisa akasema jalada nalo ni la binti, na litatumwa kulekule aliko. Pakiteng' akaona ni sawa. Sikio likaingia kwenye bahasha ya kaki, ikabandikwa, ikaandikwa. Nalo, kama nilivyosema, likapanda ndege. Ngozi tulirudi nayo.

Nilidhani habari imeishia hapo. Kwa mwaka mzima niliisimulia mashineni, watu wakiacha unga wao upite ili wasikie. Binti alifaulu. Tukaanza kungoja arudi, halafu barua zake zikawa fupi, na kila barua ilikuwa na neno kuhusu kampuni fulani ya maji ya huko iliyompenda kazi yake. Mama yake alielewa kabla yangu. Mimi nilielewa siku ile lori la abiria liliposimama mbele ya nyumba, naye akateremka na masanduku mawili, bila taarifa, amevaa lile koti la kanisa saa saba mchana.

Alimsalimia mama yake kwa kumkumbatia. Mimi alinipa shikamoo, nami nikaitika, akabaki amesimama.

"Baba," akasema, "niliomba kubaki miaka miwili. Kazi walinipa. Nyumba walinipa. Nikaenda kuomba kibali, yule mama wa ofisini akafungua jalada langu, likamwangukia sikio mapajani."

Nikampokea sanduku moja.

"Akasoma ile karatasi. Akaniambia, dada, hapa imeandikwa una ng'ombe asiye na mwisho. Umeingia nchi hii kwa kuahidi kumrudia, na serikali yako imegonga muhuri mara tatu kwamba anakungoja. Hatuwezi kumngojesha ng'ombe namna hiyo."

Akaingia ndani. Hakunisemesha wiki tatu, na ndani ya wiki hizo nilijifunza kwamba ukimya wa mtu aliyesoma ni mrefu kuliko wa mtu asiyesoma. Nilimweleza mama yake kwamba mimi niliulizwa ni nini kitakachomrudisha, nikajibu, na jibu likawa kweli. Ni wazazi wangapi wanaojaza fomu ya serikali na kila neno likatimia? Mama yake akasema hilo nisimwambie binti.

Wiki ya nne nilimwomba anisindikize kupeleka unga Ngorongoro. Alikuja, nadhani kwa kuchoka kukaa. Getini askari alifungua daftari akauliza leo shuka liko wapi. Bomani Pakiteng' alimpokea, akamwekea mkono kichwani kama wanavyowasalimu watoto, ingawa alikuwa mhandisi, naye akainamisha kichwa. Akauliza ng'ombe wake ni yupi. Pakiteng' akamwonyesha ndama mwekundu wa miezi michache, miguu bado inamcheza, doa jeupe pajani. Yule wa picha ya tatu alikuwa ameuawa na simba mwezi uliopita.

"Huyu ndiye Jino," akasema Pakiteng'.

Binti alimtazama ndama kwa muda mrefu. Ndama akaja akaanza kutafuna mkono wa lile koti. Hakumzuia. Akasema tu, akiwa hajanigeukia, kwamba zile pembe zikiota zikainama tena, yeye haelezi.

Sasa anafanya kazi kwenye idara ya maji, na mabomba yote ya upande wetu unayoyaona yanatoa maji yamepita mikononi mwake, ambayo ni sawa na kusema yamepita mikononi mwangu. Aliolewa na mtu wa hali ya wastani, si mbaya. Mwaka jana alikuja mashineni akiwa amembeba mwanawe. Hakusema kitu, alimfungua mdomo kwa kidole nikaona. Jino moja, la chini, limechomoza kama punje ya mchele.

Nikamwuliza kama nimletee mtoto mtamba.

"Lete," akasema. "Lakini picha usipige."

Nikamwambia sitapiga. Mpiga picha nilikuwa nimeshamwambia aje Jumamosi.